Angekuwa na Sumu, Angeishi?

Aliyeniuliza swali hilo ni mama muuza samaki wa Kigogo, Dar es Salaam, Jumamosi moja masika yakielekea ukingoni. Kwenye beseni lake la bluu kulikuwa na kambale saba wamebanana ndani ya maji yasiyozidi vidole vinne, weusi ti, wanateleza, sharubu zinacheza. Nilikuwa nimemuuliza wametoka wapi. "Ruvu," akajibu bila kuinua macho. Mtoto aliyekalia ndoo iliyopinduliwa, nadhani mjukuu wake, akaangua kicheko na kuelekeza kidevu upande wa Mto Msimbazi. Mama hakutahayari hata kidogo. Akamchoma kidole ubavuni kambale mmoja, yule akajipinda na kumrushia maji usoni. "Umeona, mwanangu? Yuko hivi tangu alfajiri. Angekuwa na sumu, angeishi?"

Niliondoka na samaki mmoja na nusu ya jibu.

Hoja ya mama yule si ya kudharau. Nimeisikia kwa watu waliosoma kuliko mimi, tena wakiitamka kwa Kiswahili cha mikutanoni. Bibi yangu Kisarawe alikuwa na kawaida ya kuchungulia kisima kwanza; akiona vidudu vinaogelea, ndipo anateka. Kwa sumu alizozijua yeye, kipimo kile kilimtosha. Ila kwa risasi, zebaki, kadimi, shaba na ndugu zao wanaoitwa metali nzito, kiumbe hai majini anaweza kukudanganya vibaya sana, na kadiri anavyokuwa hodari wa kuishi ndivyo anavyozidi kukudanganya. Kambale ni hodari kupindukia.

Mto wenyewe tunaujua. Unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Tabata, unashuka Kigogo na Jangwani, unaingia baharini karibu na daraja la Salenda. Njiani unapokea kila kitu ambacho jiji halitaki kukiona: maji ya gereji, ya viwanda vidogo na vikubwa, ya machinjio, betri zilizopasuliwa, na maji ya mvua yanayoteremka kwenye mabati yetu yakiwa yamebeba zinki kidogokidogo. Mwaka 1999 vilichapishwa vipimo vya kadimi, shaba, risasi na zinki katika mboga zinazolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema habari hizi zimezuka jana. Uchafu wa chooni una mwisho wake, maana bakteria huula ukaisha. Metali haiozi. Petroli yenye risasi ilikomeshwa kusini mwa Sahara Januari 2006, lakini vumbi lililokuwa limekwishatua kandokando ya barabara zetu halikupata taarifa hiyo.

Sasa turudi kwa kambale, au tuseme kwa mashavu yake. Samaki wa maji baridi ana tabu ambayo mwenzake wa baharini hana. Damu yake ina chumvi nyingi kuliko maji anamoishi, kwa hiyo chumvi humtoroka saa zote, na lazima airudishe kwa kuivuta kutoka majini kupitia matamvua. Kwenye ngozi ile nyembamba ya matamvua kuna vilango vya sodiamu na vilango vya kalisiamu, na hapo ndipo metali inapomwingilia. Shaba hupita mlango wa sodiamu na kuuharibu. Kadimi, zinki na risasi hugombania ule wa kalisiamu. Samaki anayekufa haraka kwa shaba mara nyingi hafi kwa sababu shaba imefika kwenye ini au ubongo. Anakufa kwa kuishiwa chumvi mwilini huku anaogelea, kama mtu anayeharisha bila kupewa maji ya chumvi na sukari.

Ndiyo maana dozi ileile huua mto mmoja na kuacha mwingine. Maji yenye chokaa nyingi, yale ya visima ambavyo sabuni inagoma kutoa povu, humlinda samaki: kalisiamu imejaa mlangoni na kadimi inakosa nafasi ya kupita. Na kuna jambo jingine ambalo kwa Msimbazi ni kejeli tupu. Mabaki ya vitu vilivyooza yakiyeyuka majini hunasa shaba na risasi, yakazifanya zisishike vizuri kwenye matamvua. Maana yake, uchafu wa aina moja unamkinga samaki na uchafu wa aina nyingine. Mto unaonuka unaweza kuwa na samaki hai kwa sababu unanuka. Metali iliyonaswa hivyo haijaondoka, lakini. Inatua chini kwenye tope, na kambale ni samaki wa topeni. Anachokwepa mashavuni anakipata mdomoni, ndani ya minyoo na mabaki anayookota kule chini usiku kucha.

Nilipomfungua yule wangu jikoni nilitaka kuona kwa macho. Ukiinua kifuniko cha shavu la kambale, juu ya matamvua unakuta kitu chekundu kilichochanua kama kipande kidogo cha koliflawa. Hicho ndicho kinamwezesha kupumua hewa ya juu, akakaa benchi la muuza samaki nusu siku bila kufa. Kwenye mto uliokwisha oksijeni, samaki mwenye kifaa hicho hupanda juu, akameza hewa, akashuka kuendelea na shughuli zake, wala halazimiki kupitisha maji mengi mashavuni ili aishi. Juu ya hapo ana ute. Samaki akichokozwa na metali hutoa ute zaidi, nao hunasa sehemu ya metali kabla haijagusa ngozi. Yule mama alipokuwa ananishauri nimpake majivu kwanza ili asiniponyoke, alikuwa anazungumzia ngao yake ya mstari wa mbele.

Ngao kubwa zaidi iko ndani, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Mwaka 1957 wanasayansi Margoshes na Vallee walieleza protini ndogo waliyoikuta kwenye figo la farasi, imeshikilia kadimi. Inaitwa metalothionini. Imejaa salfa, na salfa kwa kadimi, zebaki, zinki na shaba ni kama urimbo kwa ndege. Sisi tunayo, samaki wanayo. Metali ikiingia kwa wingi, seli za ini, figo na matamvua hupokea ishara na kuanza kuitengeneza protini hii kwa kasi, nayo huzikamata chembe za metali na kuzituliza zisiguse mashine nyingine za seli. Samaki aliyeonja metali kidogo wiki chache mara nyingi atahimili dozi ambayo ingemuua mwenzake mgeni, na protini hii ni mojawapo ya sababu.

Angalia vizuri kilichofanyika hapo. Mwizi amekamatwa, akafungiwa stoo. Hajafukuzwa nyumbani. Sehemu nyingine ya metali hutolewa polepole, ni kweli, lakini kadimi hasa hukaa, na stoo inazidi kujaa kadiri samaki anavyokua. Ukimnunua samaki huyo umenunua nyumba pamoja na mwizi wake. Kuchangamka kwake kwenye beseni kunakwambia kwamba kufuli inafanya kazi, basi.

Hapo pekee pangetosha kumjibu mama wa Kigogo, lakini lipo jambo zito zaidi ambalo sisikii likisemwa: samaki na binadamu hawaogopi sumu ileile. Chukua shaba. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaweka kikomo cha miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa, yaani mikrogramu 2,000. Trauti, samaki wa mito ya baridi ambaye maabara za Ulaya na Marekani zimemtumia miaka mingi, kwenye maji laini anaweza kufa ndani ya siku nne kwa makumi ya mikrogramu tu. Glasi ambayo WHO ingekuruhusu unywe ingeweza kumaliza tangi zima la trauti. Sasa geuza upande wa pili, chukua risasi. Kikomo cha maji yetu ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, na kwenye damu ya mtoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Trauti huyohuyo unaweza kumwekea risasi makumi ya mara zaidi ya kikomo hicho, akamaliza siku zake nne bado anaogelea. Kwa hiyo samaki ni mwonjaji mzuri wa shaba na zinki, ambazo sisi tunazimudu, na mwonjaji mbovu wa risasi, ambayo inakula akili za watoto wetu. Tumemwajiri mlinzi anayebweka akiona jirani na kulala akiona jambazi.

Zile siku nne nazo zina ujanja wake. Majaribio mengi yaliyotupa takwimu hizo huhesabu waliokufa baada ya saa 96. Ni kipimo cha kifo, na maisha yana namna nyingi za kuharibika kabla ya kufika huko. Mikrogramu chache za shaba kwa lita hudhoofisha pua ya samaki. Karl von Frisch, mwanasayansi yule aliyesifika kwa kuchunguza ngoma za nyuki, alionyesha mwaka 1938 kwamba ngozi ya samaki fulani wadogo ikijeruhiwa hutoa harufu inayowafanya wenzake wakimbie. Kundi hilo la samaki ni kubwa, na kambale ni wa ukoo wake. Mnyama anayewinda gizani kwa sharubu na kunusa, akipoteza pua, amepoteza macho yake ya pili. Hatakufa siku hiyo. Ataliwa wiki ijayo, au atashindwa kula.

Kanada wana maziwa jirani na miji ya migodi na viyeyushio, Sudbury kule Ontario na Rouyn-Noranda kule Quebec, ambako samaki mdogo wa manjano mwenye mistari, perchi, ameendelea kuishi na kadimi, shaba na nikeli. Watafiti walipowapima waligundua samaki wa maziwa machafu wanakua taratibu na wana miili dhaifu. Ila lililonikaa kichwani ni hili: wakikamatwa, homoni ya mshtuko, kotisoli, haipandi inavyopaswa. Ukimkamata hashtuki. Mwili umeshtuliwa kila siku mpaka mtambo wa kushtuka umechakaa. Ukimwona kwenye maji ungesema ametulia, amezoea. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Kwa perchi yule, kuelea kwenyewe kumelipiwa kwa urefu wa mwili na nguvu za kukimbia.

Watu huniuliza hapo: lakini si watazoea kabisa, vizazi vikipita? Wapo waliofika. Cornwall, pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, wamechimba bati na shaba tangu zamani sana, na Mto Hayle una shaba na zinki za kuua trauti wa kawaida. Trauti wamo, wanazaana. Vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2015 viliwatenga na jamaa zao wa mito safi katika mipasuko miwili, mmoja wa takriban miaka 960 iliyopita na mwingine wa takriban 150, nyakati zinazoendana na uchimbaji wa bati wa kale na wa zama za viwanda. Habari inapendeza. Isome tena polepole, utaona wengine wote walikufa. Waliobaki ni uzao wa wachache waliopenya chujio, na utajiri wa vinasaba umepungua. Hata sisi tunao mabingwa, perege wadogo wa Ziwa Natron wanaokaa kwenye magadi ambayo yangechubua ngozi ya mtu. Ila wao walipewa maelfu ya miaka, si muda wa kiwanda kimoja kufunguliwa na kufungwa.

Kwa hiyo pale Kigogo nilikuwa natazama beseni kwa kosa lilelile la mama. Nilihesabu kambale saba. Kilichopaswa kuhesabiwa ni wasiokuwamo. Muulize mvuvi wa Ruvu samaki wa mto wake, atakutajia majina mpaka vidole viishe. Kwenye beseni la Msimbazi kuna jina moja, siku nyingine mawili perege akibahatika. Oksijeni duni imewafukuza wengine, takataka zimewafukuza wengine, na metali imefanya sehemu yake. Mto uliobakiwa na sugu wake pekee umekwisha kujieleza.

Nisitishe watu kupita kiasi. Samaki ni chakula kizuri, na kwa metali nyingi, mnofu wa kambale au perege huwa na kiasi kidogo kuliko ini, figo na matamvua, kwa sababu stoo ziko huko. Codex, mkusanyiko wa viwango vya chakula vya kimataifa, inaruhusu risasi hadi miligramu 0.3 kwa kilo ya samaki, na mnofu wa samaki wa mito mingi hukaa chini ya hapo. Zebaki ndiyo inayovunja kanuni. Ikigeuzwa na bakteria wa topeni kuwa methili ya zebaki hukaa kwenye mnofu wenyewe, na kila samaki anayekula mwenzake huirithi na kuizidisha. Wajapani wa Minamata walijifunza hilo kwa samaki wa bahari yao. Ugonjwa wa sumu hiyo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, lakini kabla ya watu walitangulia paka, waliokula mabaki ya samaki, wakayumbayumba kama walevi na kuanguka majini.

Na kanuni ya mnofu imeandikwa kwa ajili ya mtu anayekula minofu. Nani Kigogo anakula minofu? Tunakula kichwa, ndicho supu. Figo la samaki ni ule utepe mweusi uliolala chini ya uti wa mgongo, ambao wengi hatuukwangui. Ini mtoto anaombea. Na wanaodhani kukaanga kunasaidia wajue kwamba moto unaua vijidudu, risasi hauigusi. Maji yanakauka, mizani inashuka, risasi ipo palepale.

Kinachoniudhi ni jinsi tunavyopima. Anachukuliwa mtu na chupa, anachota maji darajani asubuhi moja, ripoti inasema viwango ni vya kuridhisha. Maji ya mto ni abiria, ukiyapima saa nne yaliyopita saa tatu yameshafika Salenda. Tope halisafiri hivyo, na ini la kambale wa miaka miwili ni daftari la miaka miwili. Tuna taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, tuna baraza la mazingira, NEMC, lenye Sheria ya Mazingira ya 2004 inayokataza shughuli ndani ya mita 60 za kingo za mto, tuna shirika la viwango, TBS, lililokabidhiwa usalama wa chakula tangu 2019. Ningependa zikubaliane jambo moja dogo: kambale na perege kutoka madaraja yaleyale ya mito ya Msimbazi, Sinza na Kizinga, msimu kwa msimu, ini na mnofu vikipimwa mbalimbali, na matokeo yabandikwe masokoni kwa Kiswahili cha kueleweka. Gharama yake si kubwa ukilinganisha na dola milioni 200 ambazo Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2022 kwa ajili ya bonde la Msimbazi. Na kwa kuwa mradi huo ni pamoja na kupanua mto, na kupanua mto ni kuchimbua tope, daftari zote za miaka hamsini zitafunguliwa kwa mpigo. Tope hilo litamwagwa wapi? Swali hilo lingenifaa zaidi bungeni kuliko picha za bustani itakayopandwa juu yake.

Wiki tatu baadaye nilipita tena Kigogo. Mama alinikumbuka, akaniita mteja wake. Safari hii nilimwomba anitengenezee kabisa, anitolee matumbo, akwangue ule utepe wa mgongoni, na mashavu yote ang'oe. Akanitazama kama mtu aliyeagiza chai akaomba waitoe majani. Kisu chake ni kifupi, mpini umefungwa mpira wa tairi la baiskeli. Kwa mikato minne alikuwa amemaliza, matamvua mekundu na ini vimekaa pembeni juu ya mfuko wa rambo.

"Na hivi hutaki?"

"Sitaki, mama. Tupa tu."

"Nitupe!" Akasukuma fungu lile kwa mguu chini ya meza, ambako kulikuwa kumelala paka mweupe mwenye mimba. "Huyu ndiye kazi yake. Mwaka wa tatu huu, hali kingine."